Kuugua kwa Muda Mfupi

Ndugu yangu Jairus alikufa kwa baridi. Ilikuwa Jumanne katikati ya Januari, saa nane mchana, nyuma ya duka la matairi hapa Coon Rapids, na alikuwa amevaa fulana, suruali ya kulalia na soksi. Kipimajoto kilisoma kumi na tano chini ya sifuri kwa hesabu ya huku. Ukoo ukaamua alikufa kwa moyo. Mkewe Velma akakataa. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Ukoo, kwa maana ya watu wenye kusikilizwa, ulikuwa watu wawili. Wa kwanza ni baba mdogo Duncan, aliye nyumbani Vihiga, msemaji wetu tangu baba afariki. Wa pili ni mimi, Zachariah, kifungua mimba. Nina miaka kumi na tisa Minnesota. Naendesha gari la kupeleka wagonjwa hospitali na kuwarudisha, na kila Mluhya akifa upande huu mimi huwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Nimesafirisha miili kumi na sita. Fomu zote nazijua.

Hatukusema moyo kwa kupenda uongo. Kwetu, kabla ya posa, watu hutumwa kuuliza juu ya nyumba wanayotaka kuoa. Wanauliza uchawi, wizi, kifafa. Wazimu huulizwa mwisho, kwa sauti ya chini, na ndio unaorudisha ng'ombe. Jairus alikuwa na mtoto mmoja, Ian, mwenye miaka kumi na saba. Mimi nina wasichana wanne.

Na Jairus alikuwa mgonjwa wa akili. Sasa naweza kuandika hivyo. Alianza miaka kumi na mmoja iliyopita, akiwa bado anafanya kazi ghalani Eden Prairie. Alisema mishono ya koti lake inamsengenya. Akalivua, akalitupa, akatembea hadi nyumbani. Alipokunywa dawa alikuwa Jairus wetu, mcheshi, mpishi mzuri wa samaki. Alipoacha, hakuna koti lililokaa mwilini mwake. Velma alinunua, yeye akatupa. Mimi pia nilinunua mawili. Moja alilichoma kwenye beseni la kuogea.

Velma alipiga komeo juu kabisa ya mlango, kwa ndani, ili asitoke peke yake. Siku ile alikuwa amelala, ametoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Jairus alifungua skurubu za komeo kwa kisu cha siagi, akaliweka vizuri juu ya zulia, akaenda.

Komeo hilo watu wa kanisa walilisikia, na kufikia Alhamisi hadithi ilikuwa imegeuka: Velma alimfungia mumewe nje. Sikuieneza. Sikuikanusha pia, kwa sababu ukisema alijitoa mwenyewe bila viatu, mtu atauliza kwa nini.

Ijumaa nilienda kwa Kamau. Duka lake liko Brooklyn Center. Mbele anauza unga, wigi na majani ya chai, nyuma ana mashine ya kuchapa programu za mazishi.

"Chairman, lete picha, jina na miaka," akasema. "Mengine yako tayari."

Yalikuwa tayari kweli. Kwenye kompyuta yake kuna programu moja, na kila marehemu humwagwa ndani yake kama uji kwenye kikombe kilekile. Mstari wa tatu unasema: aliyelala katika Bwana baada ya kuugua kwa muda mfupi.

"Hayo maneno huwa hayatoki," Kamau akasema. "Yule mzee aliyegongwa na lori mwaka juzi, yeye pia aliugua kwa muda mfupi."

"Kati ya bampa na lami," nikasema.

Tulicheka. Nikaongeza 'ugonjwa wa moyo', nikachukua karatasi ya mfano nikampelekee Velma. Nilidhani nitakaa dakika tano.

Nilimkuta mezani na Stacy, mwenzake wa kazi. Stacy alizaliwa Korea, akaletwa hapa akiwa mtoto mchanga, akalelewa na Wazungu. Anaongea Kiingereza kama mfugaji wa ng'ombe wa huku. Alikuwa ameleta sufuria ya uji wa mchele. Nikamsalimu, nikampa Velma karatasi.

Aliisoma mpaka mwisho. Kisha akachukua kalamu, akarudi mstari wa tatu, akakata maneno.

"Muda mfupi ni nini, shem?"

"Ni lugha tu, Mama Ian. Ndivyo watu husema."

"Miaka kumi na mmoja."

"Ni mfupi ukilinganisha na milele."

Hakucheka. Akakata na 'moyo'.

"Moyo wake ulikuwa mzima," akasema. "Daktari aliniambia. Ulipiga mpaka ukaganda."

Nilimweleza habari ya baba mdogo, ya posa, ya mtoto wake. Alinisikiliza kama anavyosikiliza wale wazee anaowaogesha, kwa adabu, huku akijua atakachofanya. Kando ya kiwiko chake palikuwa na kitabu cha maktaba, na ndani yake kipande cha karatasi chenye picha ya jumba lenye paa la kupinda.

"Sasa hii ni nini? Wachina tena?" nikauliza. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimtania kwa zile tamthilia anazotazama kwenye simu wakati wa mapumziko, wanaume wenye ndevu za uzi na wanawake wanaolia wakiwa wamepiga magoti.

Stacy hajui Kiswahili, lakini amefanya kazi na Wakenya muda mrefu na neno hilo analijua. "Mkorea," akasema, kwa Kiswahili, bila kuinua macho.

"Pole," nikasema.

"Anaitwa Bibi Hyegyeong, wa ukoo wa Hong," Velma akasema. "Niliona kisa chake kwenye simu nikadhani wametunga. Stacy ndiye aliniambia ni mtu wa kweli, na kwamba aliandika mwenyewe. Keti, shem. Ukisimama unafanana na polisi."

Nikaketi. Akanieleza, na nitaeleza kama alivyoeleza yeye.

Mwanamke huyu aliolewa ikulu akiwa na miaka tisa, kwa mtoto wa mfalme wa rika lake. Ni zaidi ya miaka mia mbili na hamsini sasa. Mume akakua, akaugua akili. Akaogopa nguo. Kumvisha nguo moja, mke alilazimika kuandaa kumi, ishirini, hata thelathini, na nyingine zikachomwa kabla moja haijakubali kukaa. Ugonjwa ukazidi, akaua watumishi. Mwisho baba yake, mfalme, akaamuru aingie kwenye sanduku la kuwekea mchele, likafungwa, ikiwa kiangazi. Alikaa humo siku nane mpaka akafa. Mke alibaki na mtoto wa miaka kumi.

"Na ikulu ikasema nini?" nikauliza.

"Ikulu ilinyamaza. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Na wewe unajua hiyo inafananaje."

"Mama Ian, huyo ni mke wa mtoto wa mfalme. Wewe ni mke wa Jairus wa Coon Rapids."

"Makoti ni makoti," akasema. "Nilipofika pale pa nguo nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko, na sandwichi mkononi. Nikasimama. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu duniani niliyewahi kulia juu ya koti. Nilinunua tisa, shem. Nikajua huyu ni mwenzangu. Tungekutana tungeelewana bila mkalimani."

Stacy akauliza tunasema nini. Velma akamwambia. Stacy akaitikia kwa kichwa, akanipakulia uji.

"Mimi karatasi zangu za kuja hapa zinasema ni yatima," akasema kwa Kiingereza chake cha shambani. "Mama yangu alikuwa hai. Nilimpata nikiwa na miaka arobaini, na alikuwa hai muda wote. Mwachie mwenzako aandike yake."

Nilikunywa uji.

Jioni nilimpigia baba mdogo. Kwao kulikuwa kunakaribia kucha. Nilimweleza polepole, nikitarajia atakasirika na kumaliza. Hakukasirika. Baba mdogo Duncan huwa hapandishi sauti, ndiyo maana anaogopwa.

"Kijana," akasema, "kaburi tutalichimba mwili ukifika Nairobi. Lakini hilo neno likisomwa huko, mwili usije. Mwambie hivyo. Na huyo mwanamke asije pia."

"Baba, ni mke wake wa kanisa."

"Nimesikia. Nawe ni mwenyekiti. Hawa watu wanachanga kumrudisha mwana wa nyumbani. Hawachangi kutangaza wazimu. Wewe una wasichana wangapi?"

"Wanne."

"Basi."

Nilipomwambia Velma, aliendelea kukunja nguo. "Alitaka kulala karibu na baba yake," akasema. "Aliniambia hata akiwa mgonjwa." Akakunja shati jingine. "Yeye yule Mkorea walimwondolea mtoto. Kwenye orodha ya ukoo mtoto akaandikwa kuwa wa marehemu ami yake, ili awe mfalme bila doa la baba. Mama akabaki kuwa nani? Mtu tu anayeishi hapo. Wenye ukoo wana kitu kimoja tu cha kutisha nacho, shem. Orodha. Nitasoma."

Jumamosi alinipa karatasi yake ya kwanza ya wasifu wa marehemu. Nusu ukurasa. Ilisema Jairus aliugua kwa miaka, bila kusema nini. Nikapumua. Nikafikiri tunaelewana.

Jumapili akanipa ya pili, yenye neno 'akili'. Jumatatu ya tatu, yenye makoti na komeo.

"Utaandika ngapi?" nikauliza.

"Yule Mkorea aliandika mara nne. Ya kwanza alikuwa bado anaogopa, anazunguka. Ya nne ndiyo aliyosema yote. Alikuwa na miaka sabini."

"Kwa hiyo tungoje ufike sabini."

"Mimi nina mpaka Jumamosi ya ibada."

Ian alikuwa kwenye kochi na simu yake. Anatuelewa sote, lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo sisi husahau kwamba anasikia. Akasema, "Mama, usiisome hiyo."

Velma akamgeukia.

"Watoto wa kanisa niko nao shule," Ian akasema. "Nitaishi nao. Wewe utasoma dakika kumi, mimi nitaishi nayo."

Nilijiambia, haya, huyu ndiye atakayemweza. Mimi nimeshindwa, baba mdogo ameshindwa, mtoto atashinda.

Velma akaenda akaketi karibu naye, si karibu sana. "Yule mtoto wa yule mama," akasema, "alipokaribia kuwa mfalme aliomba kumbukumbu za ikulu za mambo ya baba yake zifutwe. Karatasi ziliondolewa, wino ukaoshwa kwa maji."

"Kwa nini?"

"Alimpenda baba yake. Aliona haya. Kama wewe."

"Halafu?"

"Halafu kwa sababu karatasi zimeoshwa, watu wakajaza za kwao. Wakasema baba wa mama yake ndiye aliyeleta lile sanduku."

Ian alizima simu, akaiwasha, akaizima. Kisha akasema, akitazama sakafu, "Bravin aliniambia kwenye basi la shule. Kwamba ulimfungia Baba nje."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Sikujua."

Nimeendesha wagonjwa mahututi. Nimefungua mlango wa nyuma nikakuta mtu ameshakata roho na mkanda wake umefungwa. Sijawahi kusikia neno zito kama hilo 'sikujua'. Mtoto aliishi nyumba moja na mama yake, na hakujua kama mama yake alimuua baba yake. Na kile ambacho kingemjulisha ndicho mimi nilichokuwa nazunguka mji mzima nikikificha.

"Ndiyo maana nitasoma," Velma akasema. Akasimama akaenda kupika.

Alhamisi akanipa ya nne. Aliniletea mwenyewe kwenye gari, nikiwa nangoja mgonjwa wa figo nje ya hospitali. Kurasa mbili, mwandiko wa wima. Nilisoma nikiwa nimeshika usukani. Katikati ya ukurasa wa pili paliandikwa hivi:

"Desemba shemeji yangu Zachariah alimpeleka kuombewa. Waliambiwa kunywa dawa ni kukosa imani. Jairus aliacha dawa siku hiyo, na Zachariah aliichukua chupa."

Ilikuwa kweli. Kulikuwa na mtumishi wa Mungu, mgeni, aliyekodi ukumbi siku tatu. Nilimpeleka ndugu yangu kwa sababu nilichoka kuwa na ndugu mgonjwa. Mtumishi aliposema, Jairus alinitazama kwanza, kama alivyonitazama tukiwa watoto kabla ya kuruka mto. Nikaitikia kwa kichwa kumwambia ruka. Akanipa chupa.

"Mama Ian, hii itanimaliza."

"Soma juu yake."

Juu yake alikuwa ameandika: "Komeo nililiweka mimi. Desemba niliona chupa haipo, nikaambiwa nisubiri muujiza, nikasubiri wiki tatu kwa sababu nilikuwa nimechoka. Siku ile nilikuwa nimelala."

"Sijamwacha mtu nje," akasema. "Hata mimi."

"Ungeweza kuniambia uso kwa uso. Si mbele ya watu."

"Nilikuambia uso kwa uso. Krismasi, jikoni kwako. Ulisema nina imani ya haradali iliyokaangwa."

Nilisema hivyo. Na watu walicheka.

"Yangu yote yatasomwa," akasema. "Hilo moja ni lako. Ukilitoa, sitalirudisha. Kamau anaanza kuchapa kesho saa nne." Akafunga mlango wa gari taratibu, kwa sababu mgonjwa wangu alikuwa anakuja.

Ijumaa saa nne kasoro nilikuwa kwa Kamau. Alikuwa ameshaandika yote kwenye kompyuta, na hakuwa na mzaha wowote. Aligeuza kioo nione.

"Chairman, huyu Zachariah ni wewe?"

"Unamjua mwingine?"

"Nikifuta mistari miwili hii, ukurasa unakaa vizuri zaidi. Picha inaongezeka." Alikuwa ananisaidia. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. "Hakuna atakayejua. Mimi sijaona."

Nikamwambia angoje. Nikatoka nikaenda garini, nikafungua kile kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria. Chini ya karatasi za bima ilikuwepo ile chupa. Sikuwahi kuitupa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini sijaitupa. Jina lake lilikuwa juu yake, na tarehe, na vidonge. Nilivimwaga kwenye kiti nikavihesabu, vikawa hamsini na kimoja. Vingetosha kumfikisha Februari.

Nikarudi ndani nikaiweka chupa juu ya meza ya Kamau.

"Acha kama alivyoandika," nikasema. "Na toa yale maneno yako ya mstari wa tatu. Yatoe kabisa kwenye hiyo mashine."

"Watu watauliza yako wapi."

"Waambie wagonjwa wa muda mfupi wameisha."

Usiku ule ule niliituma programu Vihiga, ili baba mdogo asisikie kwa mwingine. Hakujibu. Kundi la simu la kamati lilianza kuwaka. Kufikia asubuhi mchango ulikuwa umesimamishwa na aliyeusimamisha ni naibu wangu.

Kanisa letu ni nusu Wakenya, nusu Wakongo, na ibada ni ya Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha. Wakenya walijua kinachokuja. Wengi hawakufika. Waliofika, wengi walikuja kuona. Simu ilikuwa imewekwa kwenye stendi, inarusha picha moja kwa moja hadi Vihiga.

Mchungaji alimwita 'mwakilishi wa familia'. Kwa desturi yetu mjane hasomi wasifu. Huwa ameshikwa na wanawake kila upande, na kazi yake ni kulia. Velma alisimama mwenyewe. Alivaa koti. Nilikuja kujua baadaye ni la tisa, lile ambalo Jairus hakuwahi kulitupa kwa sababu hakuwahi kulivaa. Lilimfika magotini.

Alisoma bila kutetemeka. Aliposema 'ugonjwa wa akili' safu ya nyuma ilianza kuinuka. Alipofika kwenye komeo, ya katikati ikafuata. Mtu alisema kwa sauti, "Aibu gani hii." Velma akanyamaza, akasubiri viti viache kupiga kelele, kama mwalimu. Mama mmoja Mkongo wa kwaya, aitwaye Maombi, akasema kutoka mbele, "Endelea, mama." Akaendelea.

Alipokaribia sentensi yangu nilisimama. Hakuniomba. Nilisimama tu mahali nilipokuwa, ili wasiomjua Zachariah wamjue. Akaisoma. Nilitazama simu iliyokuwa kwenye stendi, kwa sababu mama yangu alikuwa anatazama kutoka Vihiga.

Ian alikuja mbele bila kuitwa, akasimama karibu na mama yake mpaka karatasi ikaisha. Waliporudi kukaa, nilimsikia akisema, kwa Kiswahili chake kibovu, "Makoti tisa? Kweli tisa?"

"Tisa," Velma akasema.

Wiki iliyofuata Ian alimwomba mama yake amtafutie daktari wa kuongea naye. Alitaka kujua kama naye yatampata. Daktari aliuliza habari za ukoo na Velma akampa ile programu. Stacy alipeleka nakala nyingine kazini, akaibandika ndani ya kabati lake, karibu na picha kama ile ya jumba la paa la kupinda.

Sasa niseme ilichogharimu.

Programu zilichapwa mia mbili na hamsini. Walioingia kanisani walikuwa mia moja thelathini na mmoja. Waliobaki mpaka amina niliwahesabu mwenyewe, hamsini na wanane, na thelathini na tisa kati yao walikuwa Wakongo. Programu mia moja na hamsini na tisa, zile zisizochukuliwa na zile zilizoachwa vitini, ziko nyuma ya gari langu. Wagonjwa huzisoma wakiwa njiani.

Jairus hakwenda nyumbani. Ardhi ilikuwa imeganda kwa kina cha mkono mzima, kwa hiyo waliweka kifuniko cha chuma juu yake na kuwasha gesi chini siku nzima ndipo wakachimba. Tulikuwa watu kumi na mmoja kaburini. Vihiga walizika shina la mgomba mahali pake, karibu na baba, na walisoma programu yao. Nimetumiwa picha. Mstari wa tatu unasema aliugua kwa muda mfupi.

Velma ameondolewa kwenye chama cha akina mama, na kipande cha shamba cha mumewe kimepewa binamu. Watu wa kwetu hawamwiti tena Mama Ian. Wanasema yule mwanamke.

Msichana wangu wa kwanza alikuwa na mchumba kutoka Kakamega. Wazazi wa kijana walipiga simu mara moja, kwa upole. Alikuwa na mchumba.

Mimi si mwenyekiti. Tangu Januari wamekufa Waluhya wawili hapa na hakuna aliyenipigia.

Mama yangu ana miaka themanini na mmoja. Alipiga simu siku moja baada ya mazishi, tukaongea dakika tatu. Aliuliza kitu kimoja, kama ni kweli niliichukua ile dawa. Nikamwambia ni kweli. Akasema haya, akakata. Zimepita wiki kumi na tatu, na hajapiga tena.